Imekaza?

Sanamu lilitangulia kukalia kiti kama changu.
Kilo sabini na tano, halina goti la kuuma.
Wakalirusha na gari ukutani mara tatu
katika ua ule wa Barabara ya Lunga Lunga,
likatoka bila neno,
nao wakaandika: salama.

Ndipo wakaniita mimi, Kerubo, fundi cherehani wa Kariobangi,
Jumanne ya Julai, manyunyu, baridi ya kutafuna vifundo.

Gari halina usukani. Jeupe,
kama friji lililolazwa chali.
Likatoa ulimi wa bati, nikapanda,
mlango ukajifunga nyuma yangu,
na sauti ya mwanamke asiyewahi kupigwa na jua
ikasema: Karibu. Tafadhali funga ndoano zote nne.

Za mbele nilizifunga, moja, mbili.
Za nyuma ziko nyuma.
Nilipinda kiuno hadi mbavu zikanisuta,
vidole vikagusa hewa, vikarudi.
Tafadhali funga ndoano zote nne.
Nikanyamaza. Gari nalo likanyamaza.
Tukangojeana hivyo,
wavumilivu wawili wasio na mbivu ya kula.

Nje ya kioo Injinia Lemayian, saa mkononi,
alihesabu sekunde zangu kana kwamba namdai.

Nikamkumbuka Odanga wa teksi,
aliyeng'oa viti vya nyuma vya Probox yake
ili nipate kuingia kwa ubao.
Alinifunga kwa blada la baiskeli, fundo juu ya fundo,
magoti yake topeni, kisha akauliza:
Imekaza?
Nami nikajibu imekaza,
hata siku ambazo sikujua.

Usidhani naisifu zamani.
Pale mzunguko wa Bunyala mbwa alikatiza,
Odanga akakanyaga breki, blada likaachia.
Kamba hukatikia pabovu,
na pabovu siku hiyo palikuwa mgongoni mwangu.
Kovu hili chini ya kidevu lina nyuzi saba.
Nilizihesabu zikiingia, si mimi fundi?
Huruma ya Odanga haikuwa na bei.
Blada lilikuwa la shilingi hamsini.

Basi sikuitamani mikono yake,
wala sikuitaka ile sauti.
Mfukoni nina chaki bapa ya kukatia nguo, na futi.
Nikainama, nikanyoosha mkono mpaka ulipokoma,
nikachora hapo.
Nikausogeza kando, nikachora.
Kushoto, ambako bega langu hukataa, nikachora karibu.
Mstari ukatokea sakafuni umepinda
kama shingo ya blauzi iliyokatwa na mwanagenzi.

Mlango ulipofunguliwa nikamwambia:
Injinia, hapa ndipo ninapoishia.
Ndoano zako zije humu ndani zinifuate,
nikishazishika zirudi nyuma zikajikaze zenyewe.
Na huyu dada wa spika, kabla hajang'oa gurudumu,
aniulize kama imekaza.
Kisha anyamaze, angoje.
Nikisema bado, ni bado.

Akasema, lakini sanamu —
Nikasema, sanamu halina pa kwenda.
Mimi nimeacha gauni la bi harusi mezani, mkono mmoja haujashonwa,
na harusi ni Jumamosi.

Alipanda. Akapiga magoti (suruali ya kijivu, pasi kali)
akaupima mstari kwa futi yangu.
Kulia, sentimita arobaini na mbili.
Kushoto, thelathini na moja.
Akaandika. Akafuta. Akaupima tena upande wa kushoto,
akaniangalia bega, akaandika.

Nikashuka kinyumenyume.
Gurudumu, bado lina maji ya manyunyu,
likapita juu ya chaki
likaifuta upana wa kiganja.

Nikapanda tena, nikachora.