Hodi

Kondele, saa nne usiku, stima zimepotea.
Bosi amelazwa juu ya meza ya bati.
Distempa ilishaondoka,
ikausahau mguu wa nyuma ukipiga hodi,
hodi, hodi,
kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Glutamati," asema Wesonga, tochi kwapani,
"inapayuka ubongoni, na neva zote ni masikio.
Mdomo siwezi kuufunga. Nitaziba masikio."

Ketamini, kidogo tu, ncha ya sindano.
Hodi ikalegea, ikawa mpapatiko,
ikaisha.

Akelo akaweka kiganja pajani mwa mbwa.
"Amepona?"
"Amenyamaza."

Alfajiri, malori ya omena yakishusha mizigo,
mguu ukagonga bati mara moja.
Akelo, nusu usingizini, akaitika:
"Karibu."