Ile ya Bluu

Kaka Mihayo alikuwa gadi wa treni.
Kila aliporudi Tabora kutoka pwani
mkoba wake ulinuka dizeli na machungwa ya Morogoro,
na katikati ya mashati mawili ya kazi
palikuwa na santuri, imelazwa kama kichanga.

Tulikuwa nazo kumi na moja mwaka ule wa foleni.
Sukari hakuna, sabuni hakuna,
magita yapo.

Mama alizijua kwa majalada tu:
Wenye Nywele. Dada wa Koti Jekundu.
Wanne Waliokasirika.
"Hawa," aliuliza, "hawana mama wa kuwanyoa?"
Akaenda zake jikoni, na tukamsikia kisigino
kikigonga sakafu
pale pale ngoma ilipogonga.

Gramafoni ilikula betri sita.
Tulizianika juu ya bati tangu asubuhi,
tukizigeuza kama michembe.
Jioni zilitupa nyimbo nne, tano ukibahatika,
kisha mwimbaji akaanza kuzeeka,
sauti ikashuka, ikaburuta miguu,
kijana wa Ulaya akawa babu mwenye mafua.
Hapo baba hutokea mlangoni:
"Zimeni. Mnibakizie za taarifa ya habari."

Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la sita.
Kalunde, binti wa fundi cherehani wa Isevya,
aliapa kiitikio kinasema
Mama Zuhura, nirudishie sufuria.
Tulibishana wiki nzima, halafu tukaimba hivyo hivyo,
na hadi leo wimbo ule ukipita kwenye redio za watu
namwona Mama Zuhura amesimama uani,
sufuria mkononi, masizi hajayasugua.

Lakini ukiniuliza ipi, ipi hasa,
sitakutajia yenye jalada.
Nitasema Ile ya Bluu.
Ilikuja uchi, ndani ya gazeti kuukuu,
karatasi yake ya katikati imebanduka
imebaki rangi tu, kama doa la wino kwenye sare.
Mihayo mwenyewe hakujua nani kaipiga.
Aliyemuuzia Kariakoo alisema "wazungu", basi.

Nikaisahau dirishani.
Jua la Septemba la Unyamwezi halina adabu:
ukingo uliinuka kama chapati kwenye chuma cha moto.
Nililia. Mihayo hakunipiga.
Aliiweka, akabandika shilingi juu ya kichwa cha sindano,
tukaitazama ikipanda kilima, ikishuka, ikipanda,
na gita likawa linachechemea,
na wimbo wa tatu, kila ulipofika penye pumzi,
ukaruka, tk,
ukaangukia mbele.
Nusu ya mstari ule hatukuisikia kamwe.
Nimeishi nayo miaka arobaini, hiyo nusu.

Juzi mjukuu wangu Nyanzala kaniletea simu.
"Imba, bibi. Inajua nyimbo zote za dunia."
Nikaimba. Ikafikiri. Haijui.
Nikarudia, nikatoa hata sauti ya besi kwa mashavu.
Haijui.
"Mbona unaruka hapo katikati?" mtoto akauliza,
nami sikuwa najua kwamba naruka.

Leo nimepanda bodaboda hadi Cheyo, kwa Mihayo.
Sikio lake la kulia lilibaki kwenye treni,
kwa hiyo nilisogeza kigoda upande wa kushoto
nikamwimbia taratibu.
Alikuwa anamenya karanga. Hakuacha.
Wimbo wa kwanza, wa pili, maganda yanaanguka,
nikadhani nimemchosha mzee wa watu.
Nilipokaribia penye pumzi
kidole chake kikagonga meza, tk,
kabla yangu kidogo.

Kisha akakunja uso, baba mtupu:
"Zima. Betri."