Ila

Afisi ya Vuga, chumba cha tatu, feni limekufa.
Napiga chapa katiba, ile ya Kiswahili,
karatasi sita, kaboni tano katikati,
na Bwana Nasibu, karani mkuu, kasimama mlangoni:
"Zuwena, usikosee. Ukikosea moja, umekosea sita."

Mfalme atafanya hivi. Mfalme atafanya vile.
Nikagonga hadi ncha za vidole zikafa ganzi.
Halafu, kifungu cha ngapi sikumbuki,
kikaja kijineno cha herufi tatu:
Hatakamatwa mtu, wala hatanyang'anywa chake,
ila kwa sheria.

Mkono ukasita.
Kwetu Konde ila ni kasoro.
Ng'ombe ana ila, mchumba ana ila,
hata mwezi, ukiutazama sana, una ila.
Na leo ya mfalme imeandikwa,
na mwenyewe ataitilia saini.

Nikamkumbuka babu, Shaame Faki.
Walikuja alasiri, karafuu ziko majamvini,
watu wawili na fimbo. Bibi akauliza: kosa lake?
"Amri."
Imeandikwa wapi?
"Mdomoni."

Miezi kumi na minne. Mvua ikazikuta karafuu nje.
Akarudi hana meno ya mbele, akaomba maji,
asitaje jina la mtu.
Mdomo hauna nakala. Utaukatia rufaa wapi?

"Zuwena, mbona kimya?"
"Utepe umekwama, Bwana."
Nikagonga kwa nguvu zangu zote: i, l, a.
Ikapenya zote sita.

Siwadanganyi, katiba ile haikukaa.
Zikaja siku nyengine, watu wengine, fimbo nyengine.
Ukurasa mmoja niliukuta Darajani umefungiwa njugu.
Nikanunua njugu.

Lakini kaboni moja niliificha chini ya godoro.
Wajukuu wakiniuliza tulikuwa tukitaka nini,
naiinua dirishani, mwanga upite.
Upande huu wanasoma: ila.
Nikiigeuza, herufi zinarudi kinyumenyume: ali—
"Ali nini, bibi?"
Alikamatwa. Alipigwa. Alinyamaza.
Maisha yote ya babu yalianzia hapo,
neno lile likiwa limegeuzwa.

Bikombo, mdogo wao, ananipokonya,
anairudisha upande wake,
kisha anakwenda kula
na vidole vyake vyeusi.