Giga Nane

Lenzi niliikodi kwa Tuwei wa studio ya harusi,
elfu moja mia tano kwa siku, na kitambulisho changu
kikabaki drooni mwake pamoja na maua ya plastiki.
"Hii imezoea maharusi," akaniambia,
"usishangae ikimtafutia kifaru shela."

Kamera yenyewe ni yangu. Ya zamani,
kidole gumba kimekula mpira wake ubavuni.
Imenilisha miaka sita kwa picha za pasipoti
pale Bondeni, ukuta mmoja na kinyozi:
kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke.

Stendi niliiacha. Ndani ya Probox
miguu mitatu hugombana na miguu ya watu.
Nilikata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi,
nikaushona, nikautia maharagwe kilo mbili,
nikautandika dirishani.
Lenzi ikalala juu yake, ikatulia.

Ikabaki kadi.

Nyaguthii aliweka mbili juu ya kioo cha kaunta,
giga thelathini na mbili kila moja, na risiti.
"Chukua mbili ndogo. Moja ikifa, ya pili itaizika."
Nikahesabu vidoleni: Tuwei, petroli ya shemeji, tiketi za lango.
Nikavuka barabara.

Upande wa pili, chini ya mwavuli wa chaja na vioo vya simu:
mia moja ishirini na nane! Mia saba tu!
Rahisi ni ghali, hilo nalijua,
ndilo ninalowaambia wanaoniomba punguzo.
Nikalipa.

Alfajiri, lango la Lanet.
Nikaanza kwa kuujaribu mwanga:
karani akipiga mwayo,
shemeji Wamukota akifuta kioo kwa soksi,
nyani na mkate wetu, mkate mzima na karatasi yake,
kongoti juu ya paa la choo, kasimama kama mdai.
Nilibonyeza bila huruma. Nafasi ninayo, nikasema,
nafasi ya kulaza ng'ombe.

Kisha ziwa. Migunga iliyokufa
imesimama majini hadi kiunoni,
na heroe wachache, mstari mwembamba,
kama rangi ya mdomo iliyobaki kwenye kikombe.
Kisha kifaru na ndama wake wakitoka ukunguni;
mama akatugeuzia sikio moja,
la pili akamwachia mwanawe.

Na kwenye njia ya Makalia, saa tisa na dakika arobaini,
chui.
Mkia wake ukining'inia kutoka tawini
kama kamba ya kengele asiyethubutu mtu kuivuta.
Maharagwe yakanong'ona chini ya lenzi.
Nikaishika pumzi nusu. Nikabonyeza.
Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka,
mwandishi mwaminifu anayechovya kalamu.

Usiku, kwenye kompyuta, majina yote yalikuwepo.
Namba, tarehe, dakika.
Lakini kuanzia ya mia nne na kumi na mbili
kila jina halina uso.
Kadi ilikuwa na tumbo la giga nane,
na chochote ilichopewa baada ya kushiba
ilikiandika jina, ikakimwaga.

Tisa na arobaini: nafungua. Kijivu.
Tisa na arobaini na moja: kijivu.

Nimebaki na mwayo. Nimebaki na soksi.
Kongoti ana picha thelathini na moja,
zote kali, unaweza kuzihesabu nywele za kisogo chake.

Asubuhi mwavuli haukuwepo;
mahali pake, mama mmoja alipepea mahindi jikoni.
Nyaguthii hakunicheka. Alisema tu:
kadi mpya ijaze nyumbani kwanza,
ipige picha za ukuta mpaka ikatae yenyewe,
ndipo uipeleke kwa chui.

Jioni tukayapika yale maharagwe.
Wamukota akasema yana ladha ya jinzi.
Mimi nilitafuna polepole.
Yalikuwepo.