Ute

Pauni mia nne na themanini ndizo zote,
na humo mna petroli, mna chipsi za waigizaji.
Callum kaazima ghala la samaki lililofungwa,
nyuma ya gati, hapa Grimsby;
kutani bado mna magamba, yanameta ukipiga taa.
Akasema: hii ndiyo maabara.

Mimi nilipewa ute.
Wanga wa mahindi kilo sita, rangi ya kijani ya keki,
sufuria ile ile ya pilau ya Idi.
Nikakoroga, nikasonga, mwiko ukagoma kutoka.
Uji wa mgonjwa huu, nikamwambia,
ila mgonjwa wenyewe haponi.
Hakucheka. Alikuwa akihesabu betri.

Hadithi fupi: daktari anataka kuufundisha mwili
usizeeke. Anajidunga mwenyewe,
maana panya wanagharimu.
Usiku wa tatu mkono wake unaanza kufikiri.
Usiku wa nne mkono unamkumbuka mama yake daktari
kuliko daktari anavyomkumbuka.

Daktari ni Nigel Oldroyd, fundi bomba,
miaka hamsini na minane,
maneno yake kayakariri chini ya masinki ya watu.
Kwenye kioo alitakiwa apige ukelele.
Mara ya kwanza alilia kama kuku.
Ya pili, kama bawaba.
Ya tatu akautazama tu mkono,
ute wangu ukimchuruzika hadi kiwikoni,
akasema polepole, maneno yasiyokuwemo karatasini:
"Mama, huyu si mimi."

Hakuna aliyesema kata.
Jokofu lililokufa zamani
lilidondosha tone.

Siku ya kumi na moja pesa zikaisha.
Mwisho haukupigwa. Daktari hadi leo
kashika kitasa, hajafungua.

Zimwi lenyewe (sponji, bomba la kufyonzea vumbi,
macho mawili ya taa za baiskeli)
likaja kulala bandani kwangu, wiki moja tu, walisema.
Februari. Machi. Mvua ya huku hainyeshi, inakaa.
Aprili nikaingia kutafuta koleo.

Limeota manyoya.
Laini, ya kijivu, mengine rangi ya waridi,
yamefuata mishono, yamevuka shingo,
yameshuka sakafuni, yakauegemea mfuko wa mbolea.
Wanga wangu. Joto la boila ya jirani.
Hakuna aliyeongoza, hakuna aliyedai ujira.
Nikampigia Callum: njoo na kamera.
Kamera kaiuza.

Basi nimekalia ndoo, mlango nimeuacha wazi kidogo,
naliangalia.
Namwangalia.
Asubuhi hii amegusa ukuta.

Mama alizoea kusema, chakula usikitupe, kina mwenyewe.
Sijui kama alimaanisha hivi.
Sufuria nimeshaitoa kabatini.
Moto sijawasha.
Natafuta mwiko tu.