Wino wa Urambo

Diwani alikufa kisima hakijatoa maji,
ndiyo maana tumeitwa tena katikati ya muhula,
na tumbaku shambani haijui kungoja.

Wagombea watatu.
Mihayo Kasubi, mwenye pikipiki na spika mbili,
kaahidi bei ya kilo itapanda.
Nyamizi Ntundu hakuahidi. Alikuja na daftari,
akaandika madeni yetu ya mbolea, nyumba kwa nyumba,
akakosea jina la mume wangu, akafuta, akaandika upya.
Wa tatu, picha yake ilinyeshewa kwenye ukuta wa ghala;
imebaki tai tu.

Mimi ni karani wa wino, darasa la tatu B.
Ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya.
"Kidole," nasema. Kalunde ananyoosha mkono
mweusi kwa gundi ya majani, hadi kwenye kucha.
Kidole gani? Vyote kama vimekwisha kupiga kura.
Nachovya hivyo hivyo. Alama haionekani.
Wakala wa Mihayo anakohoa: "Huyu atarudi."
"Nirudi?" anacheka. "Nimeacha bani linawaka!"

Usiku, kwa taa ya chemli, tukahesabu.
Karatasi moja haikuwa na vema.
Mtu kachora kisima, mpini wake,
na tone moja likidondoka.
Tulibishana robo saa
tone limeangukia kisanduku cha nani.

Msimamizi akaitia kwenye bahasha ya zilizokataliwa.
Gundi ya bahasha ilitaka maji.
Nikaifunga kwa mate.