Punda Aliyekula Nyota

Unga ulikuwa umeingia vidudu.
Kilo mbili, nyuma ya mtungi, tangu Ramadhani,
na mamangu hatupi kitu hata kikiota miguu.
"Chekecha," akaniambia, "uwape hawa watoto,
wamekuwa moto wa kifuu humu ndani."
Nikachekecha. Tukahesabu vidudu arobaini na kimoja.
Famau akavifungulia mlango viende zavyo.

Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi,
chumvi ya mawe tuliyoitwanga wenyewe
mpaka Mwanajabu akasema mkono wake umelala.
Maji kidogo kidogo, kama mtu alipaye deni.
Kisha harufu: iliki tatu pamoja na maganda,
mdalasini, karafuu,
na kutoka kabati la mamangu, mamangu asione,
marashi ya waridi. Matone matatu, nilisema.
Shee ana miaka minne; alisikia thelathini.

Donge likatulia sahanini kama shavu la mtu.
"Si la kula hili."
Wote watatu wakalamba papo hapo,
wakakunja nyuso,
wakalamba tena kuhakikisha.

Mwanajabu akakata nyota kwa kisu cha siagi,
ncha tano, tano kamili,
isiyotimia anairudisha dongeni bila huruma.
Famau akafinyanga komeo la mlango wetu
na ufunguo usioingia popote.
Shee akatengeneza punda wa miguu mitatu.
Nikamuuliza wa nne uko wapi.
"Umetangulia sokoni."
Kwa njiti ya kiberiti tukatoboa tundu za uzi,
kila kimoja na tundu yake,
punda akatobolewa sikio.

Darini kulijaa nguo za harusi ya jirani,
tukakatazwa hata kupanda ngazi.
Basi tukaanika nje, barazani, nyungo mbili,
jua la saa nne likiingia uchochoro wa Mtamuini
kwa upana wa kanga iliyokunjwa.
Nikarudi ndani kuosha kinu.
Kinu tu, wallahi, sikuosha kingine.

"Ndoni! Ndoni muone! Punda yuwala nyota!"

Alikuwa punda wa Twalib,
shogi za mchanga bado ziko mgongoni,
amesimama kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa,
anachukua moja, anatafuna, anafikiri,
anachukua nyingine.
Komeo lilikwisha kwenda. Ufunguo ulikuwa mdomoni.
Punda wa Shee hakuonekana katika ungo wowote.

Tukangoja kilio.
Shee akasogea, akanusa ile pua ya kijivu,
akatutangazia mtaa mzima:
"Ananukia bibi harusi!"

Mamangu alikuwa ametoka mlangoni.
Alivuta pumzi mara moja.
Hakumtazama punda. Alinitazama mimi.

Twalib akaomba radhi, akaomba na maji.
Punda akanywa ndoo mbili na nusu ya tatu,
mchanga wa watu ukimngoja mgongoni.

Zilibaki nyota saba, zote zimelambwa,
ncha zimekuwa butu kama sabuni ya mwisho.
Mwanajabu akazipanga chini, akazitazama sana.
Nilijua atazitupa.
Akatunga uzi kwenye ile iliyolambwa zaidi,
ile isiyojulikana tena kama ni nyota au ua,
akaitundika kidaka cha katikati, mbele ya sahani za kale,
na hakusema neno.

Sasa ni kusi. Kuta zinatoka jasho,
na chumvi haijasahau ilikotoka:
kila asubuhi tone moja linaning'inia chini ya nyota,
linakaa, halianguki.
Marashi yameondoka. Karafuu bado ipo ukikaribia.
Nje kwato zikikaribia baraza yetu hupunguza mwendo,
Twalib anavuta kamba, anaapa,
na Shee anatoa kichwa dirishani kuuliza
yule wake wa miguu mitatu, humo tumboni,
anatembeaje gizani.